Kusimamia mtandao wa afisi ndogo Unguja na Pemba kwa programu za bure: hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Intaneti yetu inasuasua, ninunue programu gani?" "Nitajuaje nani anamaliza bando?" "Printa leo ipo, kesho haionekani, tatizo nini?" Wanaouliza ni walimu wa skuli, makarani wa afisi za utalii, wahasibu wa vyama vya ushirika, na vijana waliokabidhiwa mtandao wa afisi kwa sababu tu wanajua kompyuta kuliko wengine.

Jibu langu ni moja. Afisi yenye kompyuta tano mpaka thelathini haihitaji kununua programu ya kusimamia mtandao. Inahitaji orodha sahihi ya vifaa vyake, kompyuta moja kuukuu inayokesha ikiviangalia, na ruta inayoweza kugawa intaneti kwa haki. Programu zote ninazozipendekeza hapa ni za bure na ni halali. Pesa uliyotaka kununulia leseni, nunulia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na waya mzuri.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi hurukia hatua ya tano kwa sababu ndiyo yenye skrini ya kupendeza, kisha wanarudi kuuliza kwa nini haiwaambii kitu. Haiwezi kukwambia kitu kama hukuipa orodha sahihi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ruhusa ya mwenye afisi au mkuu wako, ikiwezekana kwa maandishi. Utaona vifaa vya watu na matumizi yao. Usifanye kwa siri.
- Paswedi ya kuingilia ruta, siyo ile ya waifai. Kama fundi aliyeifunga kaondoka nayo, mtafute kwanza.
- Kompyuta moja kuukuu ya mezani. RAM ya GB 4 inatosha kabisa. Ukiweza kuitia diski ya SSD, utaisahau kwa miaka.
- UPS ndogo ya kubeba vitu vitatu: ruta, swichi kuu (kisanduku cha kugawia waya za mtandao) na hiyo kompyuta kuukuu.
- Flashi ya GB 8 na bando la kushushia mfumo wa Ubuntu Server, karibu GB 3. Kama bando la afisi ni la kubana, shusha mahali pengine uje nalo kwenye flashi.
- Waya wa mtandao wa kuunganishia hiyo kompyuta kwenye swichi. Usiiunganishe kwa waifai.
- Daftari na kalamu, na karatasi za kubandika za kuandikia majina.
- Simu yenye Telegram.

Chagua siku afisi ikiwa na watu wachache. Jumamosi ni nzuri, na Ijumaa mchana baada ya sala pia, kwa afisi zinazopungua watu. Kuna wakati utaizima ruta, na hutaki mteja amesimama kaunta akisubiri risiti.

Kwa nini programu hizi na si nyengine

Utasikia majina ya Nagios, Zabbix na LibreNMS. Zote ni programu nzuri, za bure, na zina miaka mingi. Zabbix, kwa mfano, imetoka Latvia na ilitolewa mwaka 2001. Lakini zimeundwa kwa mitandao mikubwa yenye mtu wa kuzihudumia. PRTG ni ya kulipia, ila inakupa sensa 100 bure, na hapo wengi hudanganyika: sensa moja si kifaa kimoja, ni kitu kimoja kinachopimwa. Swichi yenye poti 24 (matundu ya kuchomekea waya), ukipima kila poti, imeshakula sensa 24. The Dude ya MikroTik, kampuni ya ruta, nayo ni ya bure, lakini seva yake hukaa juu ya mfumo wa MikroTik wenyewe, na ruta zao za bei ya chini kabisa haziibebi.

Kwa afisi ndogo nachagua tatu: Angry IP Scanner ya kuhesabia vifaa, Uptime Kuma ya kuviangalia kama viko hai, na vile vilivyomo ndani ya ruta kwa ajili ya kugawa intaneti. Ukizizoea hizi kwa mwaka mzima na ukaona hazitoshi, hapo Zabbix itakuwa na maana kwako.

Hatua ya 1: Tembea na daftari

Usikae kwenye kompyuta bado. Anzia pale waya wa intaneti unapoingia ndani ya jengo, uufuate kwa macho na kwa mkono mpaka mwisho. Andika: modemu iko wapi, imeingia ruta gani, ruta imeingia swichi gani, kila waya wa swichi unaelekea chumba gani.

Tazama chini ya meza. Mara nyingi mtandao unaokatika-katika unaanzia hapo: kiswichi cha poti tano kimesukumwa nyuma ya katoni ya karatasi za fotokopi, adapta yake imening'inia nusu nje ya ekstensheni, na kila mfagizi akipita na ufagio inalegea. Hakuna programu duniani itakayokuonesha ufagio. Utaona tu kompyuta nne zimepotea kwa pamoja saa moja asubuhi, kila siku ya kazi.

Bandika jina kwenye kila ncha ya waya, pande zote mbili. Chora ramani nzima kwenye ukurasa mmoja. Ikiwa mbaya si tatizo, ila iwe ya kweli.

Kwenye nyumba za Mji Mkongwe ongeza jambo moja: andika chumba kipi waifai inafika na kipi haifiki. Kuta za mawe na chokaa ni nene sana, na mawimbi ya waifai hufia humo. Ruta ya bei kubwa zaidi haitaupenya ukuta huo. Kinachosaidia ni kupitisha waya hadi chumba cha pili na kuweka kifaa kingine cha waifai huko. Na usitoboe ukuta wa nje kabla ya kuuliza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Hatua ya 2: Hesabu kila kilichounganishwa

Kwanza jua mtandao wako unatumia anwani zipi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika:

ipconfig

Tazama mstari wa "IPv4 Address" na wa "Default Gateway". Huo wa pili ndio anwani ya ruta yako. Ukikuta, kwa mfano, 192.168.1.1, basi vifaa vyako viko kati ya 192.168.1.1 na 192.168.1.254. Nadharia utakayoihitaji ni hiyo tu.

Shusha Angry IP Scanner kutoka tovuti yake yenyewe. Usiichukue kwenye tovuti za "shusha bure" zinazogawa kila kitu, maana programu za kuchunguza mitandao ndizo zinazopendwa kutiwa virusi. Iandikie hiyo safu ya anwani, bonyeza "Start". Baada ya muda mfupi utapata orodha ya vilivyojibu.

Kama una kompyuta ya Linux iliyowekwa nmap, programu nyengine ya bure ya kuhesabia vifaa, amri moja inatosha:

sudo nmap -sn 192.168.1.0/24

Mimi napendelea hii ya pili. Kompyuta nyingi za Windows zimefungwa zisijibu wito wa ping (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?"), kwa hiyo programu inayotegemea ping peke yake huziruka. Nmap ikiendeshwa na "sudo" ndani ya mtandao wako inauliza kwa njia ya ARP, ambayo vifaa hutumia kutafutana ndani ya mtandao mmoja, na huko hakuna kifaa kinachonyamaza kikitaka kuendelea kutumia mtandao.

Sasa linganisha orodha ya skrini na ramani ya daftari. Tengeneza jedwali lenye safu hizi: jina la kifaa, chumba, mtumiaji, anwani ya IP (ile ya mtandao), anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe kutoka kiwandani), poti ya swichi. Jaza mpaka kusibaki kifaa usichokijua. Kazi hii inachosha, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Utakutana na vifaa visivyo na jina. Nusu ya kwanza ya anwani ya MAC hutaja kiwanda, na mara nyingi hilo tu linakwambia kama ni printa, kamera au simu. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, huweza kujitungia MAC ya bandia, hivyo usishangae kiwanda kisipojulikana. Njia ya kuthibitisha simu ni kumwomba mwenyewe azime waifai kisha ukahesabu tena.

Kama kuna kifaa hakina mwenyewe na hakikuzimwa na mtu yeyote, badilisha paswedi ya waifai siku hiyo hiyo. Paswedi ya waifai ya afisi za mjini hujulikana na duka la jirani, wanafunzi wa field wa mwaka juzi na dereva wa teksi anayesubiri wageni.

Hatua ya 3: Vifaa vya pamoja vipewe anwani isiyohama

Printa inayopotea kesho yake, mara nyingi haikupotea. Ruta imeipa anwani nyengine, na kompyuta zinaendelea kuitafuta kwenye anwani ya jana.

Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), kisha ukurasa wa kuhifadhi anwani. Kwenye MikroTik ni "IP", "DHCP Server", "Leases". Bonyeza kifaa mara mbili, kisha "Make Static". Kwenye ruta nyengine hupatikana kama "Address Reservation". Fanya hivyo kwa printa, kamera, seva, vifaa vya waifai, na ile kompyuta kuukuu utakayoiandaa. Kompyuta za watu ziache zipewe anwani na ruta kama kawaida.

Kosa la kawaida hapa: mtu anakwenda kwenye printa yenyewe na kuiandikia anwani kwa mkono, anwani iliyomo ndani ya safu ambayo ruta inagawa. Siku mgeni akija na laptopu, ruta inampa anwani hiyo hiyo, na vifaa viwili vinagombania anwani moja. Kila kimoja kinafanya kazi kidogo, kinakatika, kinarudi. Hifadhi anwani ndani ya ruta, si ndani ya kifaa.

Hatua ya 4: Funga milango ya ruta

Hii ni ya haraka. Badilisha paswedi ya kiwandani. Sasisha programu ya ndani ya ruta. Zima uwezo wa kuingia kwenye ruta kutoka nje kupitia intaneti. Kisha hifadhi nakala ya usanidi wake na uiweke mahali pengine, si kwenye kompyuta ya afisi peke yake. Kwenye MikroTik ingia "Files", bonyeza "Backup".

Andika paswedi mpya kwenye karatasi, tia ndani ya bahasha, mpe mkuu wa afisi aifungie. Afisi isiwe mateka wa fundi, na wewe ukiwemo.

Hatua ya 5: Andaa kompyuta ya kukesha

Weka Ubuntu Server kwenye ile kompyuta kuukuu. Chagua toleo la LTS, kwa mfano 24.04, kwa sababu linapewa masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Usakinishaji wenyewe ni wa kujibu maswali tu; ukiulizwa kuhusu OpenSSH, kubali, ili uweze kuisimamia ukiwa kwenye meza yako bila ya kuiwekea skrini.

Kabla hujaifunga, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta yenyewe, kabla mfumo haujawaka) utafute mpangilio unaohusu umeme ukirudi, mara nyingi umeandikwa "Restore on AC Power Loss" au maneno yanayofanana. Uweke kwenye "Power On". Kisiwani hapa hili ni la lazima. Tunaletewa umeme kutoka Tanzania Bara kwa nyaya za chini ya bahari, na waliokuwapo wanakumbuka kiza cha Unguja kilichoanza Disemba 2009 kikaendelea kwa miezi mitatu. Siku hizi ni kukatika kwa muda mfupi tu, lakini kompyuta isiyojiwasha yenyewe itakaa imezima mpaka mtu aikumbuke, na kazi yake ilikuwa ni kukesha.

Kisha andika amri hizi moja baada ya moja:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

sudo apt update

sudo apt install docker.io

sudo docker run -d --restart=always -p 3001:3001 -v uptime-kuma:/app/data --name uptime-kuma louislam/uptime-kuma:1

Amri ya tatu inaweka Docker, programu inayoibeba Uptime Kuma, na ya mwisho inashusha Uptime Kuma na kuiwasha. Hiyo 1 ya mwisho ni namba ya toleo. Ukikuta ukurasa wa programu unaelekeza toleo jipya zaidi, fuata ukurasa. Maneno "--restart=always" usiyaache, ndiyo yanayoifanya ijiwashe kila kompyuta inapowaka.

Sasa kwenye kompyuta yoyote ya afisi fungua brauza, andika anwani ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na 3001, mfano:

http://192.168.1.5:3001

Utaombwa kutengeneza jina na paswedi. Umeshapata programu yako ya kusimamia mtandao.

Hatua ya 6: Weka vipimo kwa mpangilio wenye maana

Hapa nakuomba usifanye haraka. Ukiingiza vifaa ovyo utapata skrini yenye rangi ya kijani na nyekundu isiyokufundisha kitu. Ukiviingiza kwa mpangilio huu, skrini itakwambia tatizo liko wapi kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Bonyeza "Add New Monitor" na utengeneze hivi:

a) Ruta. Aina "Ping", anwani ya ruta.

b) Intaneti ya nje. Aina "Ping", anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google na hujibu karibu muda wote.

c) Majina ya tovuti. Aina "HTTP(s)", andika tovuti yoyote kubwa kwa jina lake.

d) Swichi na vifaa vya waifai, kila kimoja peke yake, "Ping".

e) Printa, kamera na seva, "Ping".

f) Tovuti au mfumo ambao kazi yenu inautegemea: mfumo wa kupokea wageni, barua pepe, au tovuti yenu wenyewe.

Kwenye kila kimoja, sehemu ya "Retries" weka 3. Ukiiacha 0, kila pumzi moja ya mtandao itakupigia kelele, na baada ya wiki utazoea kuzipuuza, hata ile ya kweli. Kompyuta za wafanyakazi usiziingize. Zinazimwa na kuwashwa, na si kazi yako kuwalinda watu.

Kisha jifunze kusoma. Ruta ikiwa nyekundu, tatizo liko ndani: umeme wa ruta, waya wake, au ruta yenyewe. Ruta kijani lakini 8.8.8.8 nyekundu: tatizo liko kwa kampuni inayowaletea intaneti, au kwenye modemu, au bando limekwisha. Zote mbili kijani lakini tovuti kwa jina ni nyekundu: intaneti ipo, kinachokosekana ni huduma ya kutafsiri majina, DNS, ingia kwenye ruta uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Zote kijani lakini printa za ghorofa ya juu nyekundu pamoja na waifai ya huko: nenda kwenye swichi ya ghorofa hiyo, usipoteze muda kwa kampuni ya intaneti.

Hiyo aya moja ndiyo inayomaliza simu nyingi ninazopigiwa.

Hatua ya 7: Pata taarifa kwenye simu

Kwenye Telegram mtafute BotFather, roboti ya Telegram yenyewe, mwandikie /newbot, mpe jina, naye atakupa ufunguo mrefu. Rudi Uptime Kuma, kwenye "Settings" kisha "Notifications", chagua Telegram, bandika ufunguo, ufuate maelekezo ya kupata "Chat ID". Jaribu kwa kitufe cha "Test".

Elewa mpaka wake: intaneti ya afisi ikikatika, ujumbe hauna njia ya kutokea. Ikirudi utapata tu ujumbe wa kuwa imerudi. Kwa afisi nyingi hilo halina dhara, kwa sababu intaneti ikikatika wafanyakazi watakwambia wenyewe. Ila kwa kliniki au nyumba ya wageni inayopokea maombi usiku kucha, weka modemu ya laini ya kampuni nyengine kama njia ya pili kwenye ruta.

Kama printa zinazimwa jioni, tumia sehemu ya "Maintenance" kunyamazisha taarifa zake usiku. Kumbuka saa za programu ni za 24: saa mbili usiku iandike 20:00. Nimeona zaidi ya mmoja akiandika 02:00 kisha akalalamika kuwa anaamshwa.

Hatua ya 8: Gawa intaneti

Mpaka hapa umejua nini kimekufa. Swali la nani anamaliza bando linajibiwa na ruta, si Uptime Kuma.

Kama ruta yako ni ile ya bure iliyokuja na laini, huenda haina uwezo huu. Hapo ndipo ningetumia pesa: ruta ndogo ya MikroTik, au ruta inayokubali mfumo wa bure wa OpenWrt. Ukiwa na MikroTik, fungua WinBox, programu yao ya kuingilia ruta, ingia "Tools", "Torch", chagua upande wa ndani, na utaona kila anwani inavuta na kusukuma kiasi gani kwa wakati ule ule.

Afisi moja ya utalii pale Malindi, Mji Mkongwe, walikuwa na hakika wameuziwa intaneti mbovu. Kila siku ilizama saa nne asubuhi. Torch ikaonesha anwani moja ikisukuma data nje bila ya kupumzika, na jedwali la hatua ya 2 likasema ni laptopu ya mhasibu. Alikuwa akiifungua saa nne akifika, na yenyewe ilianza kupandisha picha za harusi ya familia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hakuna aliyemgombeza. Upandishaji ulihamishiwa usiku, na intaneti ile ile ikawatosha.

Kabla ya kumwekea mtu mpaka, angalia basi vitu vitatu: hifadhi za mtandaoni zinazopandisha mafaili, masasisho ya Windows, na simu zinazosasisha programu zikiona waifai. Kwenye Windows unaweza kuuwekea mtandao alama ya "Metered connection" ili masasisho mengi yasubiri.

Ukilazimika kuweka mpaka, ni "Queues", "Simple Queues": kwenye "Target" andika anwani ya kifaa, kwenye "Max Limit" andika kiwango, mfano 2M kupandisha na 2M kushusha. Onyo kubwa: mipaka hii haitafanya kazi sawasawa kama kanuni ya "fasttrack" ipo kwenye "IP", "Firewall", na katika usanidi wa kiwandani wa MikroTik huwa ipo. Izime kanuni hiyo kwanza. Watu huhangaika siku nzima kwa ajili ya mstari huo mmoja.

Wageni wapewe waifai yao, yenye jina na paswedi tofauti, isiyoweza kuzifikia printa na kompyuta za afisi. Kwa nyumba ya wageni hili si la hiari.

Hatua ya 9: Weka kumbukumbu ya mwezi

Mwisho wa kila mwezi fungua kipimo cha 8.8.8.8 na unakili asilimia ya muda kilichokuwa hai, pamoja na tarehe na saa za kila kukatika. Ukienda kwa kampuni ya intaneti ukasema "mtandao wenu mbovu", utaambiwa uzime uwashe. Ukienda na karatasi yenye tarehe na saa, na ushahidi kuwa ruta yako ilikuwa kijani wakati wote huo, mazungumzo yanabadilika. Nimeona bili ikipunguzwa kwa karatasi hiyo.

Makosa yanayorudi kila siku

Ruta mbili zinazogawa anwani kwenye mtandao mmoja. Mtu ananunua ruta ya pili dukani ili kuongeza waifai, anaichomeka kama ilivyo, na kuanzia hapo nusu ya afisi haina intaneti. Ruta ya pili lazima izimwe DHCP na waya uingie kwenye poti ya LAN (upande wa ndani), si WAN (upande wa intaneti).

Waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja. Mtandao mzima unaganda, taa zote za swichi zinawaka kwa pamoja bila ya kupumzika. Hutokea sana baada ya kufagia au kupaka rangi.

Programu za kulipia "zilizovunjwa". Unaipa programu ya mwizi funguo za mtandao mzima wa afisi. Za bure zipo, hakuna sababu.

Waya wa alumini uliopakwa shaba. Ni rahisi dukani, lakini hukatika ukikunjwa, na hewa yetu ya chumvi huumaliza upesi kwenye vichwa. Omba shaba tupu, na kila baada ya masika vitazame vichwa vya RJ45 vilivyo karibu na madirisha ya upande wa bahari: ukiona ukungu wa kijani, kata, funga kipya.

Ikikwama

Uptime Kuma haifunguki kwenye brauza. Ingia kwenye kompyuta yake, andika "sudo docker ps". Kama jina lake halimo, andika "sudo docker start uptime-kuma". Kama limo, basi anwani ya kompyuta imehama. Rudi hatua ya 3.

Kifaa kinafanya kazi lakini kinaonesha nyekundu. Kinakataa ping. Badala ya "Ping" tumia "TCP Port". Kwa printa nyingi za mtandao jaribu poti 9100.

Kila kitu kimekuwa nyekundu kwa wakati mmoja. Usikimbilie ruta. Kwanza angalia waya wa kompyuta ya kukesha yenyewe na swichi yake. Ikijitenga yenyewe, itaona dunia nzima imekufa.

Kompyuta moja inapata anwani inayoanza na 169.254. Haijafikiwa na ruta kabisa. Badilisha waya, kisha poti ya swichi, kwa mpangilio huo.

Intaneti ni nzuri kwa waya, mbovu kwa waifai. Tatizo ni hewa, si kampuni. Kwenye mitaa iliyobanana kama Darajani, waifai za majirani hugombania njia ile ile. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na kompyuta zilizo karibu zihamishie 5 GHz.

Baada ya umeme kurudi, mtandao unachukua muda kukaa sawa. Mara nyingi ruta huwaka kabla ya modemu na kukata tamaa. Zima vyote, washa modemu, subiri taa zake zitulie, washa ruta, kisha swichi. Vikiwa vyote kwenye UPS moja, hutalazimika kufanya hivi ila umeme ukikatika muda mrefu kuliko betri.